Kibarua akitumiwa pesa bila masharti: ameacha kazi, au ameacha kulima shamba la mwenzake?

Mwana_Ugenya #1

Wakuu, salaam.

Kuna mama kijijini kwetu Ugenya, Siaya, ambaye tangu utotoni nimemjua kama mtu wa kulima kwa watu. Palizi ikianza, jua halijachomoza utamkuta kwenye shamba la mwenzake, na mahindi yake mwenyewe, eneo lisilofika hata ekari, yamefunikwa na magugu. Si uzembe. Nyumbani hamna unga, na shamba lake halimlipi mtu jioni. La mwenzake linalipa. Kwa hiyo lake analipalilia mwishoni kabisa, mahindi yameshadumaa, anavuna kidogo, akiba inakwisha mapema kuliko mwaka uliotangulia, na palizi nyingine inamkuta tena kwa watu.

GiveDirectly, shirika linalogawia kaya maskini pesa, walipopita kwetu miaka ile walikuwa wanaangalia paa: nyasi unaandikwa, mabati unaachwa. Akaandikwa. Pesa ilikuja kwa simu, kwanza kidogo ya kujaribu laini, halafu mafungu mawili makubwa. Msimu uliofuata hakuonekana kwa mtu. Alikuwa kwake.

Mwenye shamba aliyezoea kumwita bado anasema pesa ya bure ilimharibu. Mimi nasema ndiyo mara ya kwanza mama yule kupalilia mahindi yake kwa wakati. Kila tukijadili misaada ya pesa swali ni "je, wataacha kazi?" Kazi ya nani?

Kwenu imekuwaje? Nataka hasa wanaowajua vibarua: wa palizi, wa chai, wa mkonge, wa mpunga.

Mzee wa Shamba #2

Mimi ndiye unayemsema, ingawa si wa kijiji chako. Niko Alego, nalima kwa vibarua kwa sababu mgongo umekataa na watoto wote wako Nairobi. Msimu wa zile pesa nilihangaika kupata mikono. Waliokubali walitaka zaidi ya bei iliyozoeleka, tena walitaka walipwe kabla ya kushika jembe.

Msidhani anayeajiri kibarua kijijini ni tajiri. Mara nyingi ni mwalimu mstaafu, mjane, au mama ambaye mumewe yuko mjini. Mimi mahindi yangu mwaka ule yaliliwa na gugu la kayongo kwa sababu palizi ilichelewa. Kwa hiyo sehemu ya ile pesa niliilipa mimi. Kuna aliyenihesabu?

jembe_la_mkono #3

Pole mzee. Lakini umeona sasa? Mikono ilikuwa na bei yake siku zote, mwenye mikono ndiye hakuwa na nafasi ya kuitaja.

Karani #4

Niweke takwimu kidogo kabla hatujafika mbali, maana vijiji mnavyovitaja vimechunguzwa kuliko karibu sehemu nyingine yoyote Afrika.

Utafiti mkubwa wa Siaya ulihusu vijiji 653. Kaya zaidi ya 10,500 zilipata takriban KSh 87,000 kila moja, yaani kama dola 1,000 za wakati ule: 7,000 kwanza, kisha 40,000, kisha 40,000. Malipo yalianza 2014 na kuendelea hadi 2017. Waandishi ni Egger, Haushofer, Miguel, Niehaus na Walker, na ulichapishwa 2022. Walikuta mambo mawili yanayohusu uzi huu. Kwanza, bei za bidhaa hazikupanda kama watu walivyohofia, ongezeko la wastani lilikuwa kama asilimia 0.1. Pili, kila dola iliyoingia ilizaa shughuli za kiuchumi za kama dola 2.5 katika eneo lile, na waliokosa pesa nao matumizi yao yalipanda karibu sawa na waliopata.

Mzee wa Shamba, kwa hesabu hiyo hata wewe uliyekosa ulipaswa kufaidika kidogo.

Mzee wa Shamba #5

Kijana, mwenye duka alifaidika. Fundi wa mabati alifaidika. Mwenye posho mill alifaidika. Unawachanganya wote na mimi kwenye kapu moja, unatoa wastani, unaniambia nimefaidika. Mimi siuzi kitu, nanunua kazi.

Fundi_Mabati #6

Kweli mafundi tulikula wakati ule 😄 Hadi leo ukipita barabara ya Ugunja utaona mapaa ya umri mmoja.

Ila niseme jambo, kwa sababu watu wa mjini hucheka kwamba "walipewa pesa wakanunua mabati". Nyumba ya nyasi ina kodi yake. Nyasi inaoza. Kila baada ya mwaka au miwili lazima urudishie, na siku hizi nyasi ya kuezekea hainunuliki kirahisi, maana mabonde yamelimwa. Kibarua anatoa siku zake za kazi kulipia paa lilelile, mwaka baada ya mwaka. Akiweka mabati, gharama hiyo inakoma, na akitundika mfereji anakinga maji ya mvua, mke au binti hatembei tena na mtungi alfajiri. Saa zile ni za kulima. Mimi nimeezeka nyumba za watu ambao baada ya hapo ndipo walianza kupanda mboga nyuma ya jiko, kwa sababu maji yapo.

Nyota ya Kyela #7

Habari za usiku wanajukwaa. Huku kwetu mpakani vibarua wengi wanavuka kutoka Malawi na Zambia, kazi yao tunaiita ganyu. Alichoandika Mwana_Ugenya ndicho ganyu ilivyo: mtu anauza nguvu zake Januari na Februari, wakati shamba lake linazihitaji kuliko wakati wowote, kwa sababu ghala ni tupu.

Kuna jaribio lilifanywa wilaya ya Chipata, Zambia. Hawakutoa pesa ya bure, walitoa mkopo mdogo katika miezi ya njaa, wengine fedha, wengine mahindi, unarudishwa baada ya mavuno. Walioupata walipunguza ganyu, wakafanya kazi zaidi kwenye mashamba yao, na malipo ya ganyu eneo lile yakapanda. Kwa hiyo Mzee wa Shamba hasemi uongo kuhusu bei ya vibarua. Ila tazama: ule ulikuwa mkopo, na watu wengi waliurudisha. Basi mimi nauliza, je, kinachombadilisha kibarua ni kupewa, au ni kuwa na kitu mkononi katika mwezi ule mbaya?

Binti Kilosa #8

Nyota ya Kyela umegusa penyewe. Tanzania sisi mjadala wetu ni TASAF, mfuko wa serikali unaozipa ruzuku kaya maskini, na naona wengi hapa ni Wakenya wanaongelea pesa nyingi zinazokuja kwa mkupuo. Huku mlengwa anapata 38,000 kwa mwezi, anapewa kila baada ya miezi miwili. Hilo halimtoi mtu shambani kwa watu, linampunguzia tu.

Mwezeshaji_mstaafu #9

Dada Binti Kilosa, nirekebishe. Hiyo 38,000 ilikuwa kiwango cha juu kabisa cha kipindi cha kwanza cha mpango wa kunusuru kaya maskini, na kaya chache sana zilikifikia. Ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000. Halafu zilikuja za masharti: mtoto chini ya miaka mitano ahudhurie kliniki, wa shule ya msingi 2,000 kila mmoja hadi wanne, sekondari 4,000, kidato cha tano na sita 6,000. Ukijumlisha hadi ukomo ndipo unapata 38,000. Bibi aliyeishi na mjukuu mmoja wa shule ya msingi hakufika hata nusu yake. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020 na viwango vikabadilika.

Halafu kuna sehemu ambayo Wakenya hawana kwenye mjadala wao: ajira za muda. Kaya yenye mtu anayeweza kufanya kazi inapewa siku za kuchimba malambo, kutengeneza barabara za kijiji, kupanda miti. Kiwango kilianza na sh 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, miezi minne ya hari, yaani ya uhaba wa chakula. Kiliwekwa chini ya bei ya kibarua ya mtaani kwa makusudi, ili kisiwavute watu kutoka mashambani na ili wenye uwezo wasigombee.

jembe_la_mkono #10

Kwa hiyo walihakikisha Mzee wa Shamba wa huku hakosi mikono 🙂

Mwezeshaji_mstaafu #11

Unaweza kusema hivyo, na kuna wakati mimi mwenyewe nililiona kuwa kosa. Lakini nilichokiona uwanjani ni kwamba hata ile ndogo ilikuwa na nguvu kwa namna moja: tarehe. Mtu akijua pesa inakuja, hata kama ni kidogo, mwenye duka anamkopesha kwa heshima. Kabla ya hapo anakopa unga kwa ahadi ya kulima: kula leo, lima kesho. Deni la namna hiyo halilipwi kwa bei ya soko, linalipwa kwa bei ya mwenye unga.

Mama Pacha #12

Hilo la deni ndilo nililotaka kuliandika na naona mwezeshaji amenitangulia. Mimi niko Muheza. Kwenye kambi za mkonge watu hawana shamba la kupalilia. Hiyo hadithi ya kuacha shamba la mwenzake na kurudi kwako haipo kwa mtu asiye na kwake. Anakata mkonge, analipwa kwa mizigo aliyokata, na kabla ya mwisho wa mwezi ameshachukua kausha damu, mkopo wa riba kali, ya kumalizia mwezi. Mshahara ukitoka, nusu si wake.

Dada mmoja kwetu aliingia kwenye mpango wa ruzuku kupitia mama yake wanayeishi naye. Unajua alifanya nini kwanza? Hakununua kuku wala mbuzi kama wanavyohimizwa. Alimaliza kausha damu. Kazi ni ileile, mkonge uleule, miiba ileile. Lakini mwisho wa mwezi mshahara ukawa unafika nyumbani mzima. Ukija na karatasi yako ya utafiti kumuuliza "umeanzisha biashara gani?" atakujibu hakuna, na wewe utaandika kwamba msaada haukumbadilisha. Umembadilisha sana. Analala.

Karani #13

Mama Pacha, hoja nzuri, na ipo kwenye takwimu pia, tena kwa namna ya kushangaza. Utafiti wa mwanzo kabisa wa GiveDirectly ulifanyika Rarieda kati ya 2011 na 2013, wa Haushofer na Shapiro. Pamoja na kuhesabu mali na chakula, walipima hali ya akili ya watu, hata homoni ya msongo kwenye mate. Furaha na kuridhika na maisha vilipanda. Kuhusu homoni, kwa jumla haikusogea, lakini ilikuwa chini kwa waliopewa kiasi kikubwa na kwa kaya ambazo pesa ilipokewa na mwanamke.

Na kwa wale watakaouliza: matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka.

Omwami #14

Hapo kwenye pombe sikubali. Nani anakwambia ukweli kuhusu chang'aa ukimuuliza na daftari mkononi?

Mama Pacha #15

Omwami, wewe kila uzi unafika kwenye chang'aa 😂

Omwami #16

Mama, nimeishi. Nimeona mtu anapokea, anapotea siku kadhaa, anarudi na redio na mke mpya.

Nyota ya Kyela #17

Mmoja uliyemwona. Na wale ambao hawakupotea huwakumbuki kwa sababu hawakufanya la kukumbukwa. Walinunua bati, wakalipa ada, wakapanda mbegu.

Muuguzi_Bondo #18

Mniruhusu nitoke kwenye chang'aa. Nafanya kazi kituo cha afya, na kuna upande wa kibarua ambao wanaume humu hamjaugusa hata mmoja.

Kibarua mjamzito. Mimba ya miezi minane, ameinama na jembe kwenye shamba la mtu, kwa sababu asipokwenda watoto wakubwa hawali. Anajifungua, na kabla kitovu cha mtoto hakijakauka amerudi shambani, mtoto kaachiwa dada yake wa miaka saba chini ya mti. Tunapomwambia anyonyeshe bila kumpa kitu kingine tunamwambia nini hasa? Aache kula?

Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa vijiji vilevile vya Siaya alivyovitaja Karani. Walirudi wakahesabu vizazi na vifo vya watoto. Kwa kaya zilizopata zile dola 1,000 karibu na wakati wa kujifungua, vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilipungua karibu nusu. Sababu walizoziona: akina mama walijifungulia hospitali zaidi, hasa pale kituo chenye daktari kilipokuwa karibu, walikula vizuri zaidi, na walipunguza kazi katika miezi ya mwisho ya mimba na ya mwanzo baada ya kuzaa.

Rudieni swali la Mwana_Ugenya la kuacha kazi. Hapa wapo walioacha kazi kweli, kwa miezi michache, na watoto wao wakapona. Mzee wa Shamba, kwa heshima yote, kama mahindi yako yalipungua kwa sababu hiyo, mimi nitasimama upande wa yule mama kila siku.

Mzee wa Shamba #19

Binti yangu, hapo sina ubishi. Mke wangu naye alilima kwa watu akiwa na mimba ya kifungua mimba wetu. Hayo nayajua.

Hoja yangu ni kwamba kama serikali au shirika linataka mama huyo apumzike, na ni haki apumzike, gharama isitupiwe jirani anayemkaribia kwa umaskini. Wangempa naye kitu. Mstari wa paa la nyasi ulikuwa mkali mno. Mtu aliyejinyima akaweka mabati manne ya kutu aliachwa.

Mwana_Ugenya #20

Mzee, hapo tuko pamoja kabisa. Nyumba mbili zimepakana, moja nyasi, nyingine bati lililotoboka, tofauti yao ni hilo bati tu. Ilileta maneno makali kwetu, watu wa ukoo mmoja kutosalimiana.

Karani #21

Na suala la majirani halijakwisha hata kwa wataalamu. Walipofuatilia Rarieda baada ya miaka mitatu, walioishi kijiji kimoja na waliopewa lakini wao wakakosa, walionekana kuwa chini kidogo kwa baadhi ya vipimo. Watafiti wengine wakasema hesabu ile ina walakini, kwa sababu baadhi ya kaya hazikupatikana tena. Kisha huo utafiti mkubwa wa vijiji 653 ukaonyesha kinyume, kwamba waliokosa walipata pia. Chagua unayemwamini. Mimi naelekea kwa ule mkubwa, kwa sababu uliundwa kujibu swali hilohilo.

Chebo wa Bomet #22

Nimechelewa kuingia. Huku kwetu ni mpango mwingine wa GiveDirectly, ule wa kila mwezi, ambapo kijiji kizima kinapata, mwenye bati na asiye na bati. Hapo malalamiko ya mzee #19 hayapo.

Umefanyika Siaya na Bomet. Vijiji 44 vinalipwa miaka 12, vijiji 80 vililipwa miaka miwili, vijiji 71 vilipewa yote kwa mkupuo, na 100 havikupewa, ni vya kulinganisha. Kiasi cha kila mwezi kilikuwa KSh 2,250 kwa kila mtu mzima. Majibu ya kwanza yalipotoka 2023, kwa jumla watu hawakupunguza kazi. Walihama: saa za kibarua zilishuka, saa za shughuli zao wenyewe zikapanda.

Hapa kwetu hiyo ina sura. Kijana anayechuma chai ya mtu kwa kilo ananunua ndama, au anafungua kibanda cha nguo za mitumba siku ya soko, na anaendelea kuchuma siku chache. Hajaacha chai. Ameacha kuitegemea.

Binti Kilosa #23

Chebo, na kati ya kila mwezi na mkupuo, kipi kilifanya vizuri?

Chebo wa Bomet #24

Kwa biashara, mkupuo na wale wa miaka 12 walizidi wale wa miaka miwili, ingawa hadi wakati wa kupimwa wa miaka 12 na wa miaka miwili walikuwa wamepokea kiasi kilekile. Nadhani sababu ni hii: mwenye miaka 12 anathubutu kuweka pesa yake yote kwenye chama, zamu yake ikifika anapata donge. Anajigeuzia kila mwezi kuwa mkupuo. Mwenye miaka miwili anaogopa, anajua mwisho uko karibu, anakula na kuweka kidogo.

jembe_la_mkono #25

Kwa hiyo ni uhakika wa kesho unaofanya kazi.

Nyota ya Kyela #26

Ama ni ukubwa wa donge. Kwa sababu wale wa mkupuo hawakuwa na uhakika wowote wa kesho, walipewa mara moja ikaisha, na bado walifanya vizuri. Huwezi kueleza makundi yote mawili kwa uhakika tu.

jembe_la_mkono #27

Lakini donge peke yake halielezi kwa nini dada wa Muheza alipona kwa vijisenti.

Mama Pacha #28

Kwa sababu adui wake alikuwa deni, na deni la kausha damu hukua kila siku. Ukilikata mapema hata kwa kidogo umeokoa kingi. Kila kibarua ana mlango wake uliofungwa. Wa Ugenya ni palizi, wa kwetu ni riba, wa Muuguzi ni mimba.

Omwami #29

Hakuna aliyetaja kwamba kuna watu waliikataa hiyo pesa. Homa Bay mwaka 2015 karibu nusu ya waliofikiwa walikataa. Ilisemwa ni pesa za shetani, kwamba watoto watakufa, kwamba kuna nyoka. Watu maskini kabisa, vibarua, wakafunga milango.

Mwana_Ugenya #30

Kweli ilitokea, shirika lenyewe liliandika kuhusu hilo, asilimia 45. Na mimi siwacheki. Mtu ambaye maisha yake yote kila shilingi ameitolea jasho, akija mgeni na kusema "hii chukua, hatutaki kitu", ana haki ya kujiuliza anauziwa nini. Kibarua amezoea kwamba kila anayempa kitu ana shamba linalosubiri kulimwa.

Muuguzi_Bondo #31

Umesema vizuri. Hata dawa za bure zilianza hivyo.

Mwezeshaji_mstaafu #32

Nirudi kwenye swali la Nyota ya Kyela, la mwezi. Mama Pacha amesema asiye na shamba hana pa kurudi. Kweli, lakini anaweza kukodi. Kilosa, Kilombero, kote kwenye mpunga, shamba linakodiwa kabla ya msimu na kulipiwa papo hapo. Kibarua ana nguvu, ana ujuzi kuliko mwenye shamba, hana tu ile hela ya kukodi wakati inapotakiwa. Ruzuku ikitoka wakati mashamba yameshachukuliwa, amebaki kibarua mwaka mwingine, na hela inakwenda kwenye chakula. Nimeona walengwa wakiweka kwenye kikundi cha hisa ili mgawo uangukie kipindi cha kukodi. Wachache waliweza. Walioweza hawakurudi nyuma.

Binti Kilosa #33

Hapo sasa! Nawajua wawili wa hivyo. Wote ni wanawake, wote walikodi kwa ushirika, nusu ekari kila mmoja.

Nyota ya Kyela #34

Basi tukubaliane kwamba tatizo ni kalenda. Wangelipa kila kitu kabla ya msimu, viwango vilevile, mngeona tofauti.

Mama Pacha #35

Kwa 10,000 kwa mwezi? Hata uzikusanye za miezi miwili ulipe siku utakayo, mwenye shamba atakuangalia. Kalenda ndiyo, na kiasi pia.

Mzee wa Shamba #36

Mwezeshaji, hao waliokodi, palizi ilipofika walilima wenyewe au waliita vibarua?

Binti Kilosa #37

Mzee, mmoja alilima na wanawe. Mwingine aliita vibarua watatu.

Mzee wa Shamba #38

Aliwalipa bei gani?

Binti Kilosa #39

Nitamuuliza, kesho ni siku ya kikundi chao.